Uzi maalumu: Siku ya pumziko hujengwa Ijumaa. Tuelezane taratibu za nyumbani, kazini na shambani

Ua la Pare (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Ubishi wa Jumamosi na Jumapili una nyuzi zake nyingi, hapa tusiufungue. Hapa tuzungumze na mtu aliyekwisha kuamua kuitunza siku moja katika saba, ila kila wiki siku inamponyoka.

Inamponyoka kwa sababu anaanza kuishughulikia ikiwa imeshaingia. Kutoka 16 ipo wazi: mana iliokotwa maradufu siku ya sita, ya kuokwa ikaokwa, ya kutokoswa ikatokoswa, ndipo siku ya saba watu wakatulia. Luka 23:54 inaiita siku hiyo Maandalio. Asiye na Maandalio hana Sabato, ana uchovu wa Ijumaa uliohamia Jumamosi.

La kwanza ni saa. Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Saa moja usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kuchwa, na wazee wa pwani wakisema "usiku wa Jumamosi" wanaukusudia ule unaoanza Ijumaa magharibi. Ni hesabu ileile ya Mwanzo 1, ikawa jioni ikawa asubuhi. Kwa hiyo tafuta machweo ya mahali ulipo, usikariri "saa kumi na mbili". Dar es Salaam jua huchwa karibu saa 12:13 mwishoni mwa Mei, na karibu saa 12:47 mwanzoni mwa Februari. Tanzania nzima tunafuata majira mamoja ya saa, lakini kila nyuzi moja ya longitudo kuelekea magharibi huchelewesha machweo kwa dakika 4. Mwanza iko nyuma ya Dar kwa dakika 25 hivi, Kigoma takriban 40. Anayetumia jedwali la Dar akiwa Kigoma anafunga Sabato jua lingali juu ya ziwa. Walioko London nao mnajua shida yenu: Desemba Sabato inaingia kabla ya saa 10 jioni mtu akiwa bado kazini, Juni inaingia baada ya saa 3 usiku watoto wamelala.

Kwa Jumapili hesabu hii inafaa vilevile. Anza Jumamosi jioni. Aliyelala saa 7 usiku akipiga pasi haamki ibadani, anaamshwa.

Mpishi wa Ijumaa

Dada Ua, umefungua vizuri. Mimi niingie jikoni, maana ndiko Sabato za watu wengi zinakofia.

Chukua nyumba ya watu 6. Alhamisi usiku loweka maharage kilo 1, yatatosha milo miwili. Yakae majini kwa muda wa saa 8 hadi 12. Ijumaa asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha kwa moto mkali dakika zisizopungua 10 kabla hujaupunguza. Hapo msifanye mzaha. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo moto wa pole hauivunji, na ndiyo inayowatapisha watu wanaoyaivisha kwa joto dogo tangu mwanzo.

Baada ya hapo unaweza kuokoa mkaa kwa kapu la joto. Chukua tenga au kapu kubwa, lizungushie blanketi kuukuu au mito ya sufi, unene wa sentimita 10 chini, pembeni na juu. Acha maharage yachemke nusu saa zaidi, funika kwa mfuniko unaobana, tumbukiza sufuria, funga. Sufuria iwe imejaa robo tatu angalau. Ikiwa nusu, hewa iliyomo hula joto na maharage hubaki na kiini kigumu. Ukiliweka saa 6 mchana, saa 10 jioni toa. Kapu linaivisha, halihifadhi. Chakula kilicholala humo hadi asubuhi kimekaa usiku mzima kwenye uvuguvugu ambao vijidudu huupenda.

Kwa asiye na friji: maharage ya Jumamosi mchana yasitiwe nazi Ijumaa. Nazi huchacha kabla ya kitu kingine chochote. Kaanga rosti ya vitunguu na nyanya pembeni hadi mafuta yajitenge, iweke kwenye bakuli lenye mfuniko. Maharage yenyewe yawe na maji na chumvi tu. Kabla ya kulala yachemshe tena mpaka yatokote katikati, si pembeni peke yake, kisha funika wala usifunue. Kijiko kilichoonjewa kisirudi ndani. Asubuhi yatokose tena. Mchana unachanganya na rosti na kupasha. Kupasha si kupika, na Waadventista wengi tunaishi hivyo.

Wali ndio hatari watu wasiyoijua. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala kwenye joto la Dar, zinaota na kuacha sumu ambayo hata ukiupasha mpaka uungue haiondoki. Mwenye friji atandaze wali kwenye sinia, upoe ndani ya saa moja, auingize, na kesho aupashe mpaka utoe mvuke kote. Asiye na friji aache wali, apike chapati. Unga kilo 2 unatoa chapati 20 hadi 24. Ziache zipoe juu ya kitambaa kabla ya kuziweka kwenye hotpoti. Zikiingia za moto zinatoa jasho, asubuhi zinanata. Viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha hulala vizuri pia, mradi umwage maji yote.

Chai iwe ya rangi kwenye chupa. Maziwa yaliyolala kwenye chupa vuguvugu hukatika, na chupa inabaki na harufu wiki nzima.

Kijana wa Kimara

Mama Mpishi, na ugali je? Ugali dakika 15 tu, kuna haja gani ya kuusumbukia Ijumaa?

Mpishi wa Ijumaa

Mwanangu, dakika 15 ni za kusonga. Hesabu na kuwasha jiko, kungoja maji yachemke, mboga ya kuusindikiza, sufuria lenye ukoko la kuloweka. Ni saa nzima, na ni ya mtu mmoja yuleyule kila wiki. Wewe uliyeketi sebuleni ndiye unayeziona 15.

Ua la Pare

Ameni mama. Niongeze yasiyo chakula. Nguo zifuliwe Alhamisi, si Ijumaa. Wakati wa masika jinzi na sweta hazikauki kwa siku moja, na kamba iliyojaa Ijumaa jioni inakufanya uitazame mbingu badala ya kuimba. Sare za shule ziachieni Jumapili. Luku nunua Ijumaa asubuhi, mtandao ukisumbua bado una muda. Mtungi wa gesi upime: mwagia maji ya moto ubavuni kutoka juu, kisha pitisha kiganja. Panapogeuka kuwa pa baridi ndipo gesi ilipo. Ikiwa chini ya robo, badilisha mapema. Ndoo zijazwe, viatu vipigwe rangi, sadaka na zaka ziingie kwenye bahasha, lesoni ya Shule ya Sabato iwe mezani. Saa 11 jioni kazi zinasimama. Hiyo saa moja ya mwisho ni ya kuoga na kukaa, ili Sabato ifunguliwe na watu waliokwishatulia.

Shemasi wa Mbezi

Naomba kuuliza kitu kizito. Nyumba nyingi zinazotunza Jumapili au Jumamosi zina dada wa kazi. Familia inakwenda kanisani, dada anabaki na mtoto mdogo na sufuria. Hiyo ni siku ya pumziko ya nani?

Msomaji wa Sheria

Shemasi, umegusa penyewe. Amri ya nne inawataja kwa jina. Kutoka 20:10 inataja mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni aliye ndani ya malango. Kumbukumbu la Torati 5:14 inaongeza sababu: wapate kupumzika kama wewe. Na aya ya 15 inakumbusha kwamba wewe mwenyewe ulikuwa mtumwa Misri. Mtu akisoma Kutoka 20 peke yake anaweza kuifanya siku kuwa ya ibada tupu. Akisoma Kumbukumbu 5 hawezi.

Sasa sheria ya nchi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu dada wa nyumbani sawasawa na karani wa ofisi. Kazi ya kawaida isizidi siku 6 kwa wiki, saa 9 kwa siku, wala jumla ya saa 45 kwa wiki. Kila siku mapumziko ya saa 12 mfululizo, yanayoweza kushuka hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi kwa anayeishi pale anapofanyia kazi. Kila wiki mapumziko ya saa 24 zisizokatwa. Akifanya kazi ndani ya hizo saa 24 kwa makubaliano, kila saa inalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa majumbani, namba 189 wa mwaka 2011, nao unataja saa 24 hizohizo.

Utekelezaji wake ni mwepesi ukipangwa. Saa 24 zianze Ijumaa saa 12 jioni ziishe Jumamosi saa 12 jioni. Kama yeye ni wa Jumapili au ni Mwislamu, mpe siku yake, usimlazimishe yako. Mtoto aende na mama yake kanisani. Chakula kimeshapikwa, kwa hiyo hakuna kinachomngoja. Kosa la kawaida ni kumpa "mapumziko" ya kuanzia saa 8 mchana baada ya kuosha vyombo. Hizo ni saa nne, na sheria imesema 24.

Nesi wa Zamu

Na sisi tunaofanya kazi hospitalini? Mgonjwa hana Sabato.

Msomaji wa Sheria

Dada yangu, kumhudumia mgonjwa kamwe halikuwa kosa. Luka 13 mwanamke aliyepindana miaka 18 alifunguliwa siku ya Sabato, na Mathayo 12:12 inasema ni halali kutenda mema siku hiyo. Swali lako ni la zamu, na zamu hupatikana kwa kubadilishana. Toa kitu chenye uzito: Jumapili zote, Krismasi, Pasaka, usiku wa Mwaka Mpya. Anayeomba Jumamosi huku anataka na Jumapili hapati mtu wa kubadilishana naye. Orodha ya zamu ikitoka tarehe 25, ombi lako liwe mezani tarehe 15, kwa maandishi, lenye jina la aliyekubali kukushikia. Ukipangiwa hata hivyo, fanya yale ya kumhudumia mgonjwa. Kuhesabu stoo na ripoti za mwezi zingoje. Kisha tafuta saa 24 nyingine ndani ya wiki hiyo, mwili haujui kuwa ulikuwa kwenye wema.

Kwa kazi nyingine: sema siku ya usaili, kabla ya kusaini. Sheria ya Tanzania inatoa saa 24, haitaji ni siku ipi, kwa hiyo siku yenyewe iandikwe kwenye mkataba. Kenya mna nguvu zaidi. Katiba ya 2010, ibara ya 32, inataja kwa maneno kuadhimisha siku ya ibada, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Waadventista waliokuwa wakilazimishwa masomo ya Jumamosi. Uganda ilikwenda kinyume: kesi ya wanafunzi dhidi ya Chuo Kikuu cha Makerere ilishindwa Mahakama ya Juu mwaka 2006. Walioko Marekani, hukumu ya Groff dhidi ya DeJoy ya Juni 2023 iliwapandishia waajiri kiwango. Mwajiri sasa lazima aonyeshe kuwa kukuachia siku yako ni mzigo mkubwa kwa biashara yake, haitoshi kusema ni usumbufu. Aliyefungua kesi alikuwa mbeba barua anayetunza Jumapili, kwa hiyo jambo hili si la Wasabato pekee.

Kijana wa Kimara

Bodaboda wa mkataba tunafanyaje? Tajiri anataka hesabu siku saba.

Ua la Pare

Kaka, hesabu izungumzwe kabla ya kukabidhiwa funguo. Tuseme mkataba ni 10,000 kwa siku, siku 365. Kuna njia mbili. Ya kwanza, wiki ni 70,000 ileile, unaigawa kwa siku 6, inakuja karibu 11,700 kwa siku. Ya pili, unabaki na 10,000 lakini siku 6 kwa wiki. Hapo marejesho 365 yanachukua wiki 61 badala ya 52, yaani miezi miwili zaidi. Matajiri wengi wataipenda ya kwanza, maana fedha yao haichelewi. Usichague usiyoiweza: kama ziada ya 1,700 itakutoa barabarani saa 5 usiku kila siku, chukua ya pili na uvumilie.

Wakala wa fedha za simu, funga miamala saa 11 jioni, si saa 12. Muamala ukikwama saa 12:10 utamaliza saa nzima ukiongea na huduma kwa wateja huku mteja analia. Hesabu floti na taslimu, andika, funga laini, bandika kibao chenye saa ya kufungua. Wateja huzoea baada ya wiki chache, kinachowafukuza ni leo kufungwa kesho kufunguliwa.

Mfugaji wa Nyamira

Sabato njema wapendwa, ingawa leo ni Jumanne. Huku Kisii swali ni ng'ombe. Kukamua hakuahirishwi, kiwele kikijaa kupita kiasi kinaumia na ugonjwa wa kiwele unaingia. Kamua saa zilezile, asubuhi na jioni. Kinachowezekana kuondoa ni kukata nyasi na kuchota maji.

Ng'ombe wa kilo 400 anakula nyasi mbichi kilo 40 hadi 60 kwa siku, na akiwa na maziwa hunywa lita 60 na zaidi. Ijumaa kata mara mbili. Usizirundike: nabia (majani ya tembo) mbichi ikirundikwa inapata moto katikati, inaota ukungu, na ng'ombe anaisusa. Itandaze kivulini unene usiozidi kiganja. Isikatwe kwa mashine Ijumaa, vipande vifupi huchacha upesi. Acha mabua mazima. Maji yajazwe kwenye pipa lililoinuliwa, lenye mpira unaoshuka hadi bakuli la kunyweshea.

Maziwa ya Jumamosi asubuhi ndiyo hoja. Wengine huyagandisha kwa ajili ya mgando wa Jumatatu, wengine huyagawa kwa wajane wa mtaa. Kuyapeleka mnadani hapana. Na kama soko la wiki la eneo lenu ni Jumamosi, peleka ndizi kwa mnunuzi Alhamisi kwa bei ya chini kidogo, hiyo tofauti ihesabu mapema kwenye bajeti.

Dominika Njema

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni wa Jumapili na nashukuru nimekaribishwa. Kwetu kosa liko upande mwingine. Kanisani tunakwenda, kupumzika hatupumziki. Konstantino alipotoa amri ya mwaka 321 aliwazuia mahakimu na watu wa mijini, akawaruhusu wakulima waendelee na mashamba. Nadhani tumerithi mwanya huo: misa imeisha saa 3, saa 4 mtu yuko saiti ya ujenzi.

Sheria ya Kanisa, kanuni 1247, inataka mawili pamoja, kushiriki Misa na kuacha kazi zinazozuia furaha ya siku ya Bwana na pumziko la mwili na roho. Misa ya Jumamosi jioni inahesabika. Itumieni, mtu ana Dominika nzima mbele yake. Baada ya hapo ni kupunguza vikao. Jumuiya, kwaya, kamati ya ujenzi, kikao cha harusi ya jirani, kikoba, vyote vimewekwa Jumapili kwa sababu "watu wapo". Parokia au usharika ungeweza kupanga kwamba baada ya saa 7 mchana Jumapili hakuna kikao cha kanisa. Na wachungaji na mapadre wapewe Jumatatu yao, simu zao zipokelewe na mzee wa zamu isipokuwa msiba au mgonjwa mahututi. Jumapili wao wapo kazini kuliko sote.

Walioko Oman wana lao. Wikiendi ya huko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo ibada kubwa nyingi za Muscat huangukia Ijumaa. Wasijilaumu. Pumziko la saa 24 wakilipata Ijumaa walishike, Dominika waombe kabla ya kazi.

Kijana wa Kimara

Simu je? Ndiyo inayonimaliza.

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, usiizime kabisa kama una wazazi kijijini. Weka hali ya usinisumbue kuanzia machweo, ruhusu namba tano tu zilie: wazazi, mwenza, jirani, mzee wa kanisa, kazini. Zima data. Biblia na nyimbo ulizopakua zinafunguka bila data. Nakala ya karatasi ni bora zaidi, maana anayefungua simu kutafuta zaburi anakutana na jumbe 40 za kundi.

Shemasi wa Mbezi

Ninalo moja la mwisho. Tunafunga Sabato Jumamosi jioni kwa wimbo na sala vizuri kabisa, kisha mama anaingia jikoni na kukuta vyombo vya siku nzima, na watu sita wana njaa.

Mpishi wa Ijumaa

Shemasi, hilo lina dawa. Ijumaa bakiza nusu ya maharage mbali na ya mchana, kwenye sufuria yake. Mwenye friji aliweke humo, asiye nayo alichemshe kila mara anapochemsha lile la kwanza. Jumamosi usiku ni kulitokosa na chapati zilizobaki, basi. Vyombo vya mchana vifutwe mabaki na kulowekwa kwenye beseni moja la maji na sabuni kidogo, visikaukie. Sala ya kufunga ikiisha, wanaume na vijana wa nyumba ndio wanaosuuza. Beseni moja kwa watu wawili, dakika 20. Mama akae palepale alipokaa wakati wa sala mpaka sahani iletwe.